Mwanamke katika matangazo ya tumbako

Mtu akitaka kujua ginsi watu wa nchi fulani walivyomfikiri mwanamke zamani, asisome vitabu vya wenye hekima tu. Atazame vilevile sanamu ambazo wachuuzi walizibandika ukutani. Mchuuzi hatafuti kufundisha, anatafuta kuuza. Kwa hiyo anachora yale anayoona watu wamekwisha kuyatamani. Hapa tutafuata biashara moja tu, ile ya sigara katika Marekani.

Tangu miaka ya 1880, sosiete ya W. Duke, Sons and Company, katika North Carolina, ilitia kadi ya karatasi ngumu ndani ya pakiti kusudi sigara zisivunjike. Juu ya kadi nyingi palikuwa sanamu ya mwanamke mchezaji wa tiatro, tena mwenyi kuvaa nguo kidogo. Wanunuzi walikuwa wanaume. Mwanamke hakuuziwa kitu. Yeye mwenyewe alikuwa chambo. Mzee Washington Duke, Mmetodisti mwenyi kushika dini, alimwandikia mwanawe James barua katika mwaka wa 1894, akilalamika juu ya sanamu hizo. Twamheshimu mzee huyo. Mali ilikuwa ya jamaa yake, na hata hivyo aliona haya.

Siku zile mwanamke kuvuta sigara mbele ya watu lilikuwa jambo la aibu. Mwaka wa 1908 baraza la mji wa New York lilipiga hata amri ya kulikataza katika nyumba za watu wote, lakini mkubwa wa mji akaivunja. Kisha ikaja vita ya 1914-1918. Wanawake wengi wakaingia viwandani, wakapokea mshahara wao wenyewe, na mwaka wa 1920 sheria ikawapa haki ya kupiga kura katika nchi nzima. Basi, wachuuzi wakaona mfuko mpya.

Wakaanza polepole. Mwaka wa 1926 tangazo la Chesterfield lilionyesha kijana na msichana wameketi usiku. Kijana anavuta, msichana anamwomba apulize moshi kidogo upande wake. Mkononi mwake hamna sigara! Tazameni werevu huo: mlango ulifunguliwa kidogo tu, asikasirike mtu. Miaka miwili baadaye Lucky Strike iliwaambia mabibi wachukue sigara pahali pa pipi, kusudi wasinenepe.

Lakini jambo kubwa lilitendeka siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1929. Mkubwa wa sosiete yenyi kutengeneza Lucky Strike, George Washington Hill, alikuwa amemwajiri Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud. Bernays alimwuliza mganga wa mambo ya roho, A. A. Brill, sigara ni nini kwa mwanamke. Akajibiwa kwamba kwake ni kama mwenge wa uhuru. Basi, Pasaka ile, katika Fifth Avenue, njia ambapo limesimama kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, na ambapo watu walizoea kutembea na nguo mpya kisha ibada, wasichana wachache walipita wakivuta sigara. Mmoja wao alikuwa karani wa Bernays mwenyewe. Magazeti yakaeneza habari kwamba wanawake wanadai haki yao. Wasomaji hawakuambiwa nani aliyelipa. Wenyi kuandika historia wengine wanasema Bernays alijisifu kupita kiasi, kwani wanawake wengi walikuwa wamekwisha kuvuta. Hatukatai. Neno letu ni lingine: haki ambayo wanawake waliitafuta kwa machozi iligeuzwa kuwa nguo ya kuvika bidhaa, tena katika siku takatifu.

Mwaka wa 1934 ilipoonekana kwamba mabibi hawaipendi rangi ya kijani ya pakiti, Hill hakubadili pakiti. Bernays alipewa kazi ya kufanya kijani kiwe rangi ya nguo za fahari.

Mwaka wa 1964 waganga wa serikali walitangaza wazi hatari za tumbako. Hata hivyo, mwaka wa 1968 sosiete ya Philip Morris ilitoa Virginia Slims, sigara nyembamba ya wanawake peke yao. Upande mmoja wa tangazo, mwanamke wa zamani anaadhibiwa kwa kuvuta kwa siri. Upande mwingine, msichana wa leo, mrembo, anayecheka, naye anaambiwa kwamba amefika mbali. Mwaka wa 1970 wanawake 9 wachezaji wa tenisi, pamoja nao Billie Jean King, walikataa kupewa zawadi ndogo kuliko wanaume. Virginia Slims iliwapa fedha za mashindano yao. Tuseme kweli: dai lao lilikuwa la haki, na fedha zile ziliwasaidia. Ndiyo sababu ilikuwa vigumu kusema neno juu ya mwenyi kuzitoa.

Tangu Januari 1971 matangazo ya sigara yalikatazwa katika radio na televisheni za Marekani; yakahamia kwa wingi magazetini, hata yale ya wanawake. Kansere ya mapafu haina haraka, yaweza kungoja miaka 20 au 30. Mwaka wa 1987, katika Marekani, ilianza kuua wanawake wengi kuliko kansere ya maziwa. Wengi wa waliokufa mwaka ule walikuwa wasichana katika siku za Hill na Bernays.