Giaboksi ya gari la porini: otomatiki au gia za mkono

Giaboksi ya gari la porini hupokea mzunguko wa injini na kuupunguza kasi, ili nguvu iongezeke kabla ya kufika kwenye magurudumu. Aina mbili ndizo zinazoshindanishwa. Kwenye gia za mkono, dereva hukanyaga klachi na kuchagua gia mwenyewe. Kwenye otomatiki, gia hubadilishwa kwa shinikizo la oili na, katika magari ya sasa, kwa amri ya kompyuta. Kwa miaka mingi madereva wa porini waliidharau otomatiki, na wakati huo walikuwa na haki. Leo, kwenye tope, mchanga na mawe yenyewe, otomatiki nzuri imeshashinda. Kinachozifanya gia za mkono ziendelee kuheshimiwa ni umbali kati ya gari na gereji.

Tofauti huanzia mahali injini inapoungana na giaboksi. Katika gari la gia za mkono, klachi pleti hubanwa kwenye flaiwili. Ikibanwa kabisa, injini na giaboksi huzunguka pamoja. Ikiachiwa nusu, husuguana, hupata moto na kulika. Kwenye lami dereva huipita hali hiyo kwa sekunde moja au mbili. Kwenye kilima cha mawe, anapotaka kupandisha gurudumu moja juu ya jiwe kisha kulishusha taratibu, hukaa humo muda mrefu, na harufu ya klachi inayoungua humfikia kabla gari halijafika juu.

Otomatiki ya kawaida haina klachi hiyo. Ina konveta, ngoma iliyojaa oili ambamo pangaboi lililofungwa kwenye injini husukuma oili, na oili hiyo huzungusha pangaboi la pili lililounganishwa na giaboksi. Msingi wake ulibuniwa na Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza mwaka 1905 akiwa na meli akilini. Gari linapokuwa karibu kusimama, konveta huongeza nguvu ya kuzungusha hadi karibu mara mbili. Huweza kuteleza bila chuma kusugua chuma, na injini haizimiki. Dereva hubaki na kazi mbili tu, usukani na mafuta, na kwenye mawe hiyo ni nafuu kubwa.

Kwenye mchanga mzito faida huonekana zaidi. Kila klachi inapokanyagwa nguvu hukatika, na mchanga hulikamata gari papo hapo. Dereva anapomaliza kuingiza gia, mwendo umeshapungua na gia aliyoichagua haifai tena. Otomatiki hubadili gia huku ikiendelea kusukuma. Kwenye udongo mweusi wa pamba wakati wa masika, jinsi inavyoondoka kwa upole huyazuia magurudumu yasizunguke bure na kujichimbia shimo.

Hoja nzito dhidi yake ilikuwa kushuka. Gia ya kwanza ya mkono, pamoja na gia za chini za transfa (giaboksi ndogo ya pili ya fo-wili) zenye alama ya 4L, huliachia gari lishuke likishikwa na injini, mguu ukiwa mbali na breki. Otomatiki za zamani zilikuwa na gia tatu au nne tu, na konveta iliteleza wakati wa kushuka kama ilivyoteleza wakati wa kupanda, hivyo gari lilijiongezea mwendo. Kwenye barabara zinazoshuka takriban mita 600 kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro hadi chini, ambako magari ya fo-wili pekee ndiyo yanayoruhusiwa, dereva wa gari la namna hiyo angeziunguza breki zake. Otomatiki za sasa zina gia sita hadi kumi, klachi ya ndani inayoifunga konveta, na mara nyingi mfumo wa kudhibiti mteremko, ulioanza kwenye Land Rover Freelander mwaka 1997.

Hata hivyo, uwiano wa jumla wa gia una uzito kuliko aina ya giaboksi. Katika Jeep Wrangler Rubicon ya toleo la JL, gia ya kwanza ya mkono ikiwa kwenye 4L ilitoa uwiano wa 84.2 kwa 1, na otomatiki 77.2 kwa 1. Kwa uwiano wa 84, injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 12 hivi: gari hutembea polepole kuliko mtu. Gari lisilo na gia za chini za transfa halikaribii hapo, liwe la mkono au la otomatiki, na mnunuzi anayelisahau hilo amekosea swali la kwanza.

Viwanda vimeshachagua upande. Range Rover ilianza mwaka 1970 na gia nne za mkono, ikapata otomatiki mwaka 1982. Land Rover Defender ya zamani, ambayo uzalishaji wake ulikoma Januari 2016, ilijulikana kwa gia za mkono. Mpya, iliyoingia sokoni 2020, ni otomatiki tu. Toyota Land Cruiser 70, gari la tangu 1984, ilitangazwa upya mwaka 2023 na dizeli ya lita 2.8 na otomatiki ya gia sita. Nchini Australia injini hiyo hutoa Nm 500 ikiwa na otomatiki, lakini Nm 450 ikiwa na gia tano za mkono.

Pamoja na hayo, kampuni za watalii za Arusha zinazotumia Land Cruiser za mkonga zenye dizeli ya zamani na gia za mkono zina hesabu yao, nayo ni sahihi. Klachi ikiisha, fundi wa mji mdogo huishusha giaboksi chini ya mwembe na kufunga pleti mpya. Betri ikifa, abiria husukuma na gari huwaka. Otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa, kwa kuwa pampu yake ya oili huendeshwa na injini. Kwa sababu hiyohiyo haifai kuvutwa magurudumu yakiwa chini kabla transfa haijawekwa nyutro. Ikiharibika ndani, inahitaji fundi maalumu na mara nyingi vifaa vya kusoma kompyuta. Gia za mkono nazo zina udhaifu wake kwenye maji: dereva akikanyaga klachi katikati ya mto, maji huweza kuingia kati ya pleti na flaiwili, na klachi ikaanza kuteleza.

Kwa dereva mmoja anayesafiri wikendi na kurudi mjini, otomatiki ndiyo chaguo bora, na magari mengi yaliyotumika yanayoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani yana otomatiki tayari. Asinunue ya CVT, yaani otomatiki ya mkanda badala ya gia, kwa kazi nzito, kwani mkanda wake huteseka gari linapotambaa na mzigo. Aangalie oili kabla ya kulipa: iliyogeuka nyeusi na kunuka kuungua ni dalili kwamba klachi za ndani zimeliwa. Kwa mchanga na milima ya mara kwa mara, afunge rejeta ya ziada ya kupoza oili hiyo, kwa sababu joto ndilo linaloua otomatiki nyingi.