Chumbe: kulala kisiwani chini ya mnara wa taa

Tangu nihamie Kabianga kufundisha, wenzangu wa bara huniuliza: wakishuka pwani, wapi watapata kulala kisiwani penye mnara wa taa, mbali na zogo la mahoteli? Jibu langu ni Chumbe, Zanzibar. Nimelala huko. Nayaandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili yetu watu wa pwani pia, maana wengi wetu tunauona mnara ule tukiwa kwenye boti ya Dar es Salaam, kisha tunapita zetu.

Mahali penyewe
Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kusini mwa Mji wa Zanzibar, chenye urefu wa kilomita moja hivi. Mnara ulijengwa na Waingereza mwaka 1904 ili kuongoza meli. Karibu nao upo msikiti mdogo uliojengewa walinzi wa taa. Nyumba yao, iliyokuwa gofu, sasa ndipo wageni wanapopokelewa na kula. Boti huondoka Mbweni asubuhi.

Malazi na maji
Vyumba ni mabanda 7 tu ya makuti, yanayotazama bahari. Umeme ni wa jua. Choo hakitumii maji. Kinyesi hugeuzwa mboji.

Jambo linalomshangaza mtu wa Kabianga ni maji. Huku kwenye mashamba ya chai mvua hunyesha karibu mwaka mzima na hakuna anayeihesabu. Chumbe hakuna kisima wala mto. Maji ya kuoga ni ya mvua, yaliyokingwa na paa la banda lako na kuhifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu. Ukioga ovyo, unamaliza akiba yako mwenyewe.

Utaona nini
Mwamba wa magharibi ulitangazwa hifadhi mwaka 1994. Unaogelea juu yake kwa miwani ukiwa na mlinzi wa kisiwa, bila kugusa wala kukanyaga matumbawe. Nchi kavu ni msitu wa maweni, wenye paa nunga, mnyama adimu sana, na kaa wakubwa wanaotoka usiku, wenye nguvu ya kupasua nazi. Panga safari kwa kalenda ya mwezi: wakati wa bamvua maji hupwa mbali, na kuogelea kunasubiri yajae.

Fedha yako inakwenda wapi
Mvuvi ana haki ya kuuliza kwa nini mgeni aruhusiwe pale ambapo yeye hatupi nyavu. Majibu ni mawili. Kwanza, samaki hawajui mpaka: wanaokua ndani ya hifadhi hutoka nje, na huko huvuliwa. Pili, malipo ya wageni ndiyo yanayogharamia ulinzi wa mwamba, na pia safari za wanafunzi wa Zanzibar wanaoletwa kujifunza. Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wenyewe. Kwangu mimi, hoteli inayofunga bahari kwa faida yake peke yake haistahili kutetewa. Hii inastahili, maadamu watoto wa pwani wanaendelea kuletwa na vijana wa pwani wanaendelea kuajiriwa.

Kabla ya kwenda
Weka nafasi mapema. Usipange safari wakati wa masika, kwani kisiwa hufungwa. Kutoka Kenya, beba pasipoti. Bei ni kubwa kwa mshahara wa mwalimu, basi uliza kwanza kama kuna nafuu kwa wakazi wa Afrika Mashariki, na uulize pia safari ya kutwa bila kulala. Chukua viatu vya mpira, tochi, na nguo za stara za kupitia mjini.

Na ukipata nafasi, nenda na mwanao. Mwamba ule ni wake kabla ya kuwa wa mtalii, lakini hawezi kuulinda asipoujua.