Chumvi ya Oak Ridge na Taka za Miaka Elfu

Tarehe 1 Juni 1965, kwenye maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Marekani, kiliwashwa kinu cha nyuklia kisichokuwa na fimbo hata moja ya fueli. Urani yake ilikuwa imeyeyushwa ndani ya chumvi za fluoridi, zikizunguka kwenye mabomba zikiwa na joto la nyuzi 650 hivi.

Oak Ridge ni mji uliojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili kurutubisha urani. Mkurugenzi wa maabara, Alvin Weinberg, aliamini kwamba fueli ya majimaji ndiyo njia ya kupata umeme kwa karne nyingi.

Faida yake kwa upande wa taka ni kubwa. Fueli ngumu inapotolewa kwenye vinu vya kawaida huwa na takriban asilimia moja tu ya plutoniamu, neptuniamu, amerisiamu na kuriamu, lakini hicho kidogo ndicho kinachosumbua vizazi. Plutoniamu-239 huhitaji miaka 24,000 kupungua kwa nusu. Neptuniamu-237, zaidi ya milioni mbili. Kutengeneza fimbo mpya zenye amerisiamu na kuriamu ni kazi ngumu na ya hatari, kwa joto na mionzi yake. Kwenye chumvi hakuna fimbo ya kutengeneza: elementi hizo humiminwa humo, zikazunguka hadi zipasuliwe. Vipande vingi vinavyobaki, kama sesiamu-137, hupungua kwa nusu ndani ya miaka 30 hivi. Lakini si vyote. Teknetiamu-99 na iodini-129 hudumu muda mrefu mno.

Oktoba 1968 kinu kile cha Oak Ridge kilikuwa cha kwanza duniani kutumia urani-233, na mwaka uliofuata kikalishwa plutoniamu kidogo. Desemba 1969 kikazimwa. Serikali ilichagua vinu vinavyopozwa kwa sodiamu, na mwaka 1973 Weinberg akaondolewa.

Chumvi iliachwa igande kwenye matangi. Mwaka 1994 ikagundulika kwamba mionzi ilikuwa ikiachia florini, nayo ikabeba urani kama gesi hadi kwenye kichujio cha mkaa. Kuitoa urani hiyo kulikamilika mwaka 2008. Anayeahidi leo kupunguza taka kwa chumvi anapaswa kuonyesha kwanza, kwa fedha na kwa ramani, chumvi yake itakwenda wapi kinu kikizeeka.

Swali hilo linaihusu Urusi hasa, inayopanga kujenga Zheleznogorsk, Siberia, kinu cha utafiti cha chumvi kwa ajili ya kuteketeza amerisiamu na wenzake. China nayo iliwasha chake mwaka 2023 katika jimbo la Gansu, cha megawati 2 za joto, ingawa shabaha yake ya kwanza ni thoriamu.