Flashi ya Dola 20 Ilivyoianika Redio ya Polisi, na Dogo Aliyesema Ukweli Akaangukia Kwenye Kesi

Februari 2012, mtaalamu mmoja wa kompyuta huko Finland alikuwa anachokonoa kidude cha USB, vile vinavyofanana na flashi ambavyo watu walikuwa wanachomeka kwenye laptop ili waangalie TV ya antena. Kidude kilikuwa kinashika pia redio ya FM, na jamaa alitaka kujua kinafanyaje. Akakuta kitu ambacho hata boksi lake halikukitaja. Kikiwa kwenye FM, chipu ya ndani inachota mawimbi kama yalivyo na kuyamwaga kwenye kompyuta. Kazi iliyobaki yote inafanywa na programu.

Redio ya namna hiyo, inayotengenezwa kwa programu, haikuwa mpya. Ila vifaa vyake vilikuwa vinauzwa mamia mpaka maelfu ya dola. Hiki kilikuwa kama dola 20 tu. Muda si mrefu watu wengine wakaandika programu za bure, na mchezo ukabadilika.

Kujua nani aliguswa, rudi nyuma kidogo. Zamani kila idara ya mji ilikuwa na chaneli yake: polisi yao, zimamoto yao, wazoa taka yao. Shida ni kwamba chaneli moja inajaa mpaka watu wanapigiana kelele, huku ya jirani imelala siku nzima.

Suluhisho likawa kama foleni ya benki. Badala ya kila kaunta kuwa na foleni yake, wote mnapanga foleni moja, kaunta ikiwa wazi unaitwa. Miaka ya 1980 miji ya Marekani ikaanza kutumia mfumo huo kwenye redio. Askari akibonyeza kitufe cha simu yake ya upepo, ombi linakwenda kwanza kwenye chaneli moja maalumu, chaneli ya usimamizi. Kompyuta inatafuta chaneli iliyo wazi na kuziamuru redio zote za kundi lake zihamie huko. Kila kundi lina namba yake, kama magrupu ya WhatsApp. Maongezi yakiisha, chaneli inarudi kwa wote. Ulaya nao katikati ya miaka ya 1990 wakaja na mfumo wao wa kidijitali, TETRA, ambao polisi wa nchi nyingi wanautumia mpaka leo.

Kwa wale wanaopenda kusikiliza redio za polisi, hiyo ilikuwa noma. Unasikia swali huku, jibu linatokea chaneli nyingine kabisa. Mwaka 1997 Uniden wakatoa skana iliyoweza kuyafuata maongezi yanaporuka, lakini ilibaki kitu cha wenye hobi yao.

Flashi ya dola 20 ilifanya kitu tofauti. Inaona kipande kizima cha masafa kwa mpigo, zaidi ya megahezi 2, na kukichora kwenye skrini kama maporomoko ya maji. Chaneli za maongezi zinawaka na kuzimika. Ile ya usimamizi hailali: inasimama kama mstari usiokatika, saa 24. Ukiuona mstari huo, umeshaupata mfumo. Programu inausoma na kukuambia kundi gani linaongea na limehamia wapi. Kilichobaki kulinda siri ni kufuli la kweli, yaani usimbaji wa sauti. Kama halijafungwa, kila kitu kiko uchi.

Slovenia walilijua hilo kwa njia ngumu. Mwaka 2012 mwanafunzi mmoja wa masomo ya sheria za jinai na usalama alianza kuuchunguza mfumo wa TETRA wa polisi, akiwa na kidude hicho hicho na programu ya bure. Akakuta usimbaji haukupangwa sawasawa, na maongezi mengi yaliyotakiwa kuwa siri yalikuwa yanapita wazi. Mwaka 2013 akawapa wahusika taarifa. Kimya. Akaendelea kuchungulia, na mwaka 2015 akaona isiwe tabu, akayaweka hadharani.

Badala ya asante, polisi wakaenda kupekua kwake na kuondoka na kompyuta pamoja na kale kaflashi. Mwaka 2016 mahakama ikamtia hatiani kwa kuingilia mfumo na kumpa kifungo cha nje cha miezi 15. Kesi ilikuwa na mashtaka mengine yasiyohusu redio, lakini lililoshtua dunia ni hili: aliyesema mlango uko wazi ndiye aliyeshtakiwa, si aliyeusahau wazi.

Upande wa polisi nao una hoja. Kuona mlango haujafungwa si ruhusa ya kuingia tena na tena. Sheria zenyewe hazilingani: Marekani sheria ya taifa inaruhusu kusikiliza redio ya polisi isiyosimbwa, Uingereza ni kosa.

Stori haikuishia hapo. Julai 2023 watafiti wa Uholanzi walitangaza kwamba hata moja ya kufuli za TETRA ilikuwa dhaifu tangu kiwandani. Ufunguo unaotajwa kuwa na biti 80 ulikuwa unapunguzwa kimyakimya hadi 32, kiasi kwamba kompyuta ya kawaida inaweza kuubuni chini ya dakika moja. Wao walikaa na siri zaidi ya mwaka mmoja na nusu ili watengenezaji wapate nafasi ya kurekebisha, ndipo wakasema. Walipigiwa makofi.

Mwanafunzi na watafiti walikuta tatizo la ukoo mmoja. Watafiti walikuwa na kampuni na watu wa kuwapokea simu. Dogo alikuwa na kidude cha dola 20, na taarifa yake ikakutana na kimya.

Haya mdau, ungekuwa hakimu wa Slovenia ungeamuaje? Asante au kesi? Tiririka kwenye komenti.