Boti ya zamani na nyaya za mlingoti: jinsi ya kupata saizi kabla hujatoa pesa

Leo siandiki siasa wala matokeo ya mpira. Naandika kuhusu waya. Najua wengine mtafunga ukurasa hapa hapa, lakini kama uko Tanga, Mtwapa, Kilifi, Dar au Unguja na huwa unapata kibarua kwenye boti za matanga, subiri kwanza. Soma mpaka mwisho, ikibidi print hapo kafe ukae nayo. Somo hili mimi nimelilipia kwa pesa yangu.

Tangu nimalize form four, nikiwa sina cha kuandika huwa namsaidia fundi mmoja wa boti hapa Tanga. Kuna mzee mmoja alikuja na boti yake ya faibaglasi ya futi 30, imejengwa Uingereza miaka ya 1970. Alitaka kubadilisha nyaya zote zinazoshika mlingoti, kisha awapeleke wajukuu zake Pemba. Fundi akanituma nikapime. Nikachukua rula ya shule, nikaiweka juu ya waya, nikasoma milimita 6, nikaandika. Mzee akaagiza mita 80 za waya wa milimita 6.

Ulipofika ukawa unacheza ndani ya vichwa vya kushikia. Kumbe waya wa zamani haukuwa milimita 6. Ulikuwa robo inchi, yaani milimita 6.35. Tofauti ndogo kama kucha, lakini pesa ya mzee ikawa imelala. Shikamoo yangu siku ile aliitikia kwa shida.

Baya zaidi tulilikuta baadaye. Tulipopima upya nyaya zote, moja ya upande wa kulia ilikuwa milimita 5 tu. Mwenyewe wa zamani aliwahi kukatikiwa, akaweka alichopata. Ina maana boti ilishasafiri hivyo, na kama tungenakili waya ule tungewapandisha watoto chini ya mlingoti ulioshikwa nusu nusu. Kwa hiyo neno langu la leo ni moja: WAYA ULIOPO KWENYE BOTI SI LAZIMA NDIO WAYA ULIOTAKIWA KUWEPO. Unahitaji mashahidi zaidi ya mmoja.

1. NYAYA HIZI NI ZIPI

Nazungumzia nyaya zinazosimamisha mlingoti muda wote, siyo kamba za kupandishia tanga. Kuna waya wa mbele unaokwenda omo, waya wa nyuma unaokwenda tezi, na nyaya za ubavuni kulia na kushoto. Za ubavuni ziko ndefu zinazofika juu kabisa zikipitia kwenye mikono ya mlingoti, na fupi zinazoishia katikati.

Wengi wetu tumezoea jahazi na mashua. Kule kamba za kushikia mlingoti baharia anazihamishia upande wa joshi kila chombo kinapogeuka, na kamba ikichoka inaota manyoya, unaiona. Waya wa stenlesi haukuambii kitu. Unang'aa mpaka siku unakatika.

2. SHAHIDI WA KWANZA: WAYA WENYEWE

Weka rula pembeni. Tumia venia, ile ile tuliyofundishwa kwenye fizikia na wengine tukasema haitatusaidia maishani. Bana waya pale ulipo mnene zaidi, mgongo kwa mgongo wa nyuzi, siyo kwenye mabonde. Pima sehemu tatu, mbali na vichwa. Pima KILA waya, usipime mmoja ukasema mingine inafanana.

Halafu linganisha na hizi:
- 3/16 ya inchi = mm 4.76
- 7/32 ya inchi = mm 5.56
- 1/4 ya inchi = mm 6.35
- 9/32 ya inchi = mm 7.14
- 5/16 ya inchi = mm 7.94
- 3/8 ya inchi = mm 9.53

Ukiangalia hapo utaona mtego. 5/16 na milimita 8 zinakaribiana sana. Lakini robo inchi na milimita 6 haziko sawa, na 3/16 siyo milimita 5. Boti za Marekani nyingi ni za inchi. Za Ufaransa ni za milimita. Za Uingereza za miaka ile unaweza kukuta vyote viwili, kwa sababu ndiyo kipindi nchi ile ilikuwa inahama kutoka inchi kwenda milimita.

Angalia pia aina ya waya. Wa kushikia mlingoti mara nyingi ni wa nyuzi 19 nene: mmoja katikati, 6 kuuzunguka, na 12 nje. Hesabu za nje, zikiwa 12 basi ndio wenyewe. Ni mgumu, haukunjiki kirahisi. Kuna mwingine laini, wenye nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa mafungu saba. Huo wa saizi ile ile una nguvu ndogo na unavutika zaidi. Muuzaji akikwambia "ni ule ule kaka, chukua", usichukue.

3. SHAHIDI WA PILI: PINI

Huyu ndiye aliyetuokoa. Kila waya chini unaingia kwenye kikaza cha skrubu, na kikaza kinashikwa na pini kwenye bamba la chuma lililofungwa ubavuni mwa boti. Mtu anaweza kubadilisha waya akiwa na haraka, lakini ni wachache wanaobadilisha mabamba. Tundu la bamba linabaki kama kiwanda kilivyolitoboa.

Kanuni ya mafundi ni hii: unene wa waya ni kama nusu ya unene wa pini. Pini ya 3/8 inaendana na waya wa 3/16. Pini ya nusu inchi (mm 12.7) inaendana na waya wa robo inchi. Pini ya 5/8 (mm 15.9) inaendana na waya wa 5/16. Si sheria ya Mungu, lakini inakupa picha ya alichokusudia mjenzi.

Kwa yule mzee pini zote zilikuwa nusu inchi, kulia na kushoto. Kwenye ule waya mwembamba wa milimita 5 pini ilikuwa nyembamba na inacheza kwenye tundu. Hapo hata mtoto anajua nani mgeni.

Pima tundu pia, siyo pini peke yake. Tundu likiwa limevutika na kuwa kama yai, bamba lenyewe lina tatizo na waya mpya hautasaidia.

4. SHAHIDI WA TATU: KARATASI

Hapa ndipo kafe inapofaa. Boti nyingi za zamani zilijengwa kwa mamia, na wenye boti za aina moja wana chama chao na michoro ya zamani wameihifadhi. Unahitaji jina la aina ya boti, mwaka, na namba ya bodi, ambayo mara nyingi huwa nyuma kwenye tezi au ndani kwenye kibamba. Andika barua pepe fupi, uliza urefu na unene wa kila waya. Angalia pia chini ya mlingoti kama kuna alama ya kiwanda kilichoutengeneza, kwa sababu mlingoti unaweza kuwa si wa kwanza. Mlingoti ukibadilishwa kuwa mrefu zaidi, mchoro wa zamani nao haufai.

Usitumie saizi ya boti nyingine eti kwa sababu nazo ni futi 30. Boti mbili za urefu mmoja, moja nzito na pana, nyingine nyepesi na nyembamba, mlingoti unabeba mzigo tofauti kabisa.

5. HESABU YA KUJIRIDHISHA

Mashahidi wakigombana, fanya hesabu. Kinachovuta nyaya si upepo peke yake. Ni ubishi wa boti kukataa kulala. Boti inayokataa sana kulala inavuta waya sana. Ubishi huo unaweza kuupima maji yakiwa yametulia.

Ning'iniza timazi ndani ya boti, uzi wa mita 1. Simamisha watu ukingoni upande mmoja. Sisi tulikuwa watu 5, jumla kilo 350, tumesimama mita 1.4 kutoka katikati ya boti. 350 mara 1.4 ni 490. Timazi ikasogea sentimita 12.3, ambayo ni nyuzi 7 za mlalo. 490 gawanya kwa 7 unapata 70 kwa kila nyuzi moja. Mahesabu ya mlingoti hufanywa kwa mlalo wa nyuzi 30, kwa hiyo 70 mara 30 ni 2,100.

Sasa gawanya kwa umbali kutoka katikati ya mlingoti hadi kwenye bamba la ubavuni. Kwetu ulikuwa mita 1.4 vile vile: 2,100 gawanya kwa 1.4 ni kilo 1,500. Zidisha kwa 1.5, maana boti inaweza kulala zaidi ya hapo: kilo 2,250. Huo ndio mzigo wa nyaya zote za upande wa joshi kwa pamoja. Waya mrefu, kwa boti yenye mikono jozi moja, unabeba kama nusu: kilo 1,125. Halafu unaweka usalama wa mara 2.5 hadi 3, kwa sababu mawimbi hupiga kwa mshtuko. Unapata kilo 2,800 hadi 3,400 hivi.

Waya wa stenlesi wa milimita 5 unakatika kwenye tani 2 hivi. Wa milimita 6 karibu tani 3. Wa robo inchi tani 3 na kidogo. Wa milimita 8 kama tani 5. (Kila kiwanda kina karatasi yake, soma ya waya unaonunua.) Kwa hiyo robo inchi inaingia katikati kabisa, sawa na pini zilivyosema. Milimita 5 haifiki hata mlangoni.

Hesabu hii ni ya kukagua tu. Haichukui nafasi ya mchoro wa kiwanda.

6. MAKOSA YA KUEPUKA

- Kushuka saizi. Nguvu inakwenda kwa mraba wa unene. Kutoka milimita 6 kwenda 5 unaona ni kidogo, lakini umepoteza kama asilimia 30.
- Kupanda saizi ovyo. Waya mnene unaongeza uzito juu, unataka vichwa vikubwa na pini kubwa, na tundu la bamba ukilipanua unalidhoofisha.
- Kuchanganya inchi na milimita kwenye vichwa. Vile vichwa vya kufungua na kufunga vina koni ndani, na koni ya robo inchi haishiki waya wa milimita 6. Vile vya kubanwa kwa mashine navyo vivyo hivyo, kila kimoja na waya wake.
- Kudhani nyaya zote ni saizi moja. Mara nyingi waya wa mbele ni mnene kuliko mingine.
- Kupima urefu kwa kukisia. Laza mlingoti, nyoosha waya, pima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, kikaza kikiwa kimefunguliwa nusu ili kibaki na nafasi ya kukaza na kulegeza.

7. LINI UBADILISHE

Wengi huhesabu miaka 10 hadi 15, na kwa joto na chumvi ya huku kwetu usisubiri mwisho wa hesabu. Pitisha pamba juu ya waya. Ikinasa kuna uzi umekatika, na uzi mmoja ukikatika waya huo umekwisha. Angalia pale waya unapoingia kwenye kichwa cha chini. Maji ya chumvi hukaa humo, na stenlesi inahitaji hewa ili ijilinde na kutu. Ikikosa hewa inaliwa kwa ndani huku nje inang'aa. Ukiona mstari wa kahawia au ufa mwembamba, shusha mlingoti.

Mwisho wa habari ya mzee: aliagiza robo inchi. Mimi nikafanya vibarua vya wiki tatu bila malipo, na sikubisha. Siku ya kusimamisha mlingoti aliniita, akanipa venia yake mwenyewe, akasema, "Kijana, pima tena." Nikapima nyaya zote, moja moja, mbele yake. Kusi ilipopungua walivuka mkondo wa Pemba, yeye na wajukuu, wakarudi salama. Ule waya wa milimita 6 bado umeviringishwa stoo kwa fundi. Nikiuona naumwa tumbo.

Ukiwa na boti mbele yako na saizi hazikubaliani, andika hapo chini kwenye maoni: aina ya boti, mwaka, unene wa pini na unene wa waya. Mafundi mnaojua kuliko mimi, karibuni mnikosoe.

Nawasilisha.