Kobayashi na Chestnut: Vita vya Soseji

Huenda unasoma haya saa kumi jioni, tumbo linanguruma na harufu ya kaimati inatoka jikoni. Basi niwie radhi, kwa sababu historia ya leo ni ya watu wanaoshindana kula.

Kila tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, umati hukusanyika Coney Island, pwani ya jiji la New York, nje ya mkahawa wa Nathan's Famous. Washindani husimama nyuma ya meza ndefu, mbele yao sahani za hotdogi, yaani soseji ndani ya mkate. (Za Nathan's ni za nyama ya ng'ombe, kabla hujauliza.) Anayekula nyingi kwa dakika 10 huvishwa mkanda wa rangi ya haradali. Akitapika, ametoka.

Ilisemwa kwa miaka mingi kuwa mashindano haya yalianza 1916, mwaka ambao Nathan Handwerker, mhamiaji kutoka Poland, alifungua kibanda chake hapo. Ati wahamiaji wanne walibishana ni nani anaipenda Marekani zaidi, wakaamua kumaliza ubishi kwa kula. Magazeti yakakirudia kisa hicho wee! Kumbe ni cha kutungwa. Mwaka 2010 Mortimer Matz, mzee aliyekuwa na kazi ya kutangaza biashara za watu, alilikiri hilo kwa gazeti la New York Times: yeye na mwenzake Max Rosey ndio walikibuni. Mashindano yenyewe hasa ni ya miaka ya 1970, na nia ilikuwa kuuza soseji.

Baadaye mbwembwe zikashikwa na ndugu wawili, George na Richard Shea, ambao mwaka 1997 waliunda shirikisho la walaji. George ndiye mshereheshaji mwenye kofia ya ukindu, anayemtangaza kila mlaji kama bondia anayepanda ulingoni kupigania ubingwa wa dunia. Ilikuwa mchezo wa kuchekesha tu.

Halafu mwaka 2001 akaja kijana wa Kijapani, Takeru Kobayashi, miaka 23, uzito wake haufiki hata kilo 60. Rekodi ilikuwa hotdogi 25 na kipande, kwa dakika 12. Yeye alikula 50! Vibao vya namba viliwaishia waandalizi, wakawa wanaandika kwa mkono. Na wala hakuwa na miujiza. Alikaa akafikiri. Alivunja soseji katikati akasukuma vipande vyote viwili pamoja, mkate akauchovya majini, akaukamua na kuumeza, huku akitingisha mwili ili chakula kishuke. Walaji wengine wakaanza kumuiga. Alishinda mara sita mfululizo, 2001 mpaka 2006. (Katikati hapo, mwaka 2003, runinga ya Marekani ilimshindanisha na dubu. Dubu alishinda, na sijui walitarajia nini.)

Mwaka 2007 akapatikana wa kumng'oa: Joey Chestnut wa California. Kobayashi alikuja akilalamika kuwa taya linamuuma, akala 63. Chestnut 66. Mwaka 2008 walitoka sare, 59 kwa 59, wakapewa hotdogi tano tano za nyongeza na Chestnut akawahi kumaliza. Mwaka 2009 Chestnut tena, 68.

Hapo ndipo biashara ilipojitokeza wazi. Mwaka 2010 Kobayashi alikataa mkataba uliomfunga kula kwenye mashindano ya waandalizi hao peke yao. Akaachwa nje. Siku ya mashindano alisimama kati ya watazamaji, na yalipoisha akapanda jukwaani, polisi wakamkamata. Baadaye kesi ilifutwa. Mwaka uliofuata alipanda juu ya paa la jengo huko Manhattan, runinga ikimwonyesha wenzake wakila Coney Island, naye akala 69 saa ile ile. Chestnut alipata 62. Lakini za paani hazikuhesabiwa.

Na mwili je? Mwaka 2007 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walimpiga picha mlaji mmoja akila. Kwa dakika 10 alikula hotdogi 36, tumbo likatanuka kama mfuko uliolegea. Mtu wa kawaida waliyemlinganisha naye alishindwa baada ya 7. Wakaonya kuwa tumbo kama hilo huenda likapoteza uwezo wake wa kawaida. Mwaka 2024, katika filamu ya Netflix kuhusu utumbo, Kobayashi alisema hasikii njaa tena, na kwamba anawaonea wivu wanaoisikia. Mwezi wa Mei akatangaza kustaafu.

Lakini Chestnut bado alikuwa anamkera rohoni. Mwaka huo huo Chestnut naye alifungiwa nje ya Coney Island, kwa sababu ya mkataba na kampuni ya nyama ya mimea. Netflix ikaona nafasi, na tarehe 2 Septemba 2024, Las Vegas, wakakutanishwa. Masharti: hakuna kuchovya mkate majini, hakuna kuutenganisha na soseji. Yaani mbinu yenyewe ya Kobayashi ilipigwa marufuku.

Chestnut alikula 83. Kobayashi 66, na zote alizitafuna kavu.