Kigoda cha Milansi (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA: Mgeni aliyeteremka kwa miguu kutoka Ufipa ya juu amefika Kirando kuisubiri meli. Tangu jioni hajafungua kinywa. SASA ENDELEA...

"Karibu kiti, mzee wetu," Bibi alisema, akimsogezea kigoda.

Mgeni aliruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Akaketi chini, mavumbini. Mimi nilikuwa nachambua dagaa kwenye ungo; mikono ikaniganda.

"Neno hilo ndilo lililotuponza," alisema. Sauti yake ilikuwa nyororo, ya mtu asiyezoea kuitumia.

Akasimulia. Milansi, karibu na mlima Itweelele, ndiko Ntatakwa alikoanzisha enzi ya Wafipa. Siku moja mtawala wa huko alikwenda kuwinda, akamwonya mkewe: wageni wakija wakataka kigoda changu, usiwape. Wakaja wanawake watatu, Watwa, kutoka mbali, miguu imewavimba. Mke akasita. Nani humnyima mgeni pa kukaa? Wakakikalia.

"Mume aliporudi, nchi haikuwa yake tena. Hata mkuki mmoja haukurushwa! Uzao wao ukaja kugawana, Nkansi kaskazini, Lyangalile kusini. Sisi tukabaki na Milansi yetu, na mambo ya mizimu."

Bibi alichochea moto. Nje, mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imetapakaa ziwani, kila mmoja na mwenge wake, maana mwezi ulikuwa haujatoka.

"Meli unapanda kwenda wapi?"

"Sipandi. Nawasubiri wanaoshuka. Nimewaota siku tatu mfululizo."

Mwaka ule ulikuwa 1927, na Liemba ilikuwa imerudi kazini mwezi wa Mei tu. Bibi hakuiamini hata kidogo. Meli waliyoizamisha Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaja kuibuliwa 1924, itatuletea watu gani?

Honi ikalia. Nikasikia makasia yakienda kupokea abiria, kisha yakirudi. Kisha kimya. Kisha miguu kwenye mchanga, taratibu, ikija upande wetu.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Nyuma yake wengine wawili wakakohoa.

Mgeni alifumba macho. Bibi hakuitikia.

"Mama, tumetoka mbali. Tunaomba pa kukaa tu."

Nikatazama chini. Mkono wangu ulikuwa umeshakishika kigoda.

ITAENDELEA WIKI IJAYO